Tulipu ya Greig inapogoma: kusoma dalili zake kwa kalenda ya mlima

Mwezi wa nne, mwaka wangu wa kwanza na maua haya, niliinama mbele ya chungu nikiwa na mkasi mkononi. Majani matatu mapana yalikuwa yametanda juu ya kokoto. Rangi yake ilikuwa kijani chenye ukijivu, kama yaliyonyunyiziwa vumbi laini, na juu yake ilipita michirizi ya zambarau iliyokoza, imekatikakatika kama mwandiko wa mtu anayechovya kalamu kila baada ya herufi tatu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba tulipu hushikwa na virusi vya michirizi, na kwamba tiba yake ni kung'oa na kuteketeza. Nilikwisha kukata jani moja jirani yangu mzee alipoona kutoka upande wa pili wa uzio akaniambia niache mara moja: hayo ndiyo majani yake, hivyo ndivyo alivyozaliwa.

Ua lenyewe ni Tulipa greigii, tulipu ya porini ya milima ya Tian Shan, Asia ya Kati. Ninaikuza Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ambako mvua haina adabu ya majira, na kwa miaka hii yote karibu kila kosa nililolifanya limekuwa na mzizi uleule wa siku ile: nilisoma dalili bila kujua mmea umetoka wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mlimani, kisha ndipo uende kwenye chungu.

Kalenda ya mlimani

Tulipu hii ni mwenyeji wa Tian Shan ya magharibi na safu ya Karatau, kusini mwa Kazakhstan, na inavuka mipaka kuingia Uzbekistan na Kirgizstan. Eduard Regel, mtaalamu wa mimea wa bustani ya kifalme ya St. Petersburg, aliipa jina la kisayansi mwaka 1873 kwa heshima ya Samuel Greig, aliyekuwa rais wa jumuiya ya kilimo cha bustani ya Urusi. Mashariki ya mji wa Shymkent kuna hifadhi ya Aksu-Zhabagly, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambayo ni miongoni mwa maeneo mashuhuri ya kuiona ikiwa porini. Tangu 2016 hifadhi hiyo ni sehemu ya Urithi wa Dunia wa Tian Shan ya magharibi, unaomilikiwa kwa pamoja na nchi hizo tatu.

Huko inaota kwenye miteremko ya mawe na mfinyanzi, kuanzia vilima vya chini hadi mita 2,000 na zaidi. Mwaka wake una vipindi vinne, na mengi ya matatizo utakayoyasoma hapa chini ni kipindi kimojawapo kilichokosewa.

Mvua za Oktoba na Novemba zikinyesha, kitunguu hutoa mizizi bila kuchomoza hata ncha ya jani. (Sisi tuliozoea kusema "vuli" tuna bahati hapa: mvua za tulipu nazo ni za vuli.) Kisha theluji huufunika mteremko na baridi hukaa, miezi si siku. Theluji ikiyeyuka, majani hutoka, ua hufuata mwezi wa nne au wa tano, mbegu huiva, majani hukauka, yote kwa haraka kabla unyevu haujaisha. Halafu huja kiangazi kikavu na kikali, na juu ya ardhi hubaki mabua na vumbi.

Ukipita pale mwezi wa saba utadhani mmea umekufa. Kumbe ndipo kazi kubwa inafanyika. Ndani ya kitunguu kilichofunikwa na udongo wenye joto, ua la mwaka ujao linaumbwa, na hadi mvua za kwanza zinaponyesha petali zake sita na stameni zake sita (vijiti vinavyobeba chavua) zimeshakamilika, zimejikunja katika kitu kidogo kama punje ya mchele.

Neno moja zaidi kuhusu kitunguu. Simaanishi cha kachumbari, ingawa ukikipasua kina maganda yaleyale yaliyokumbatiana. Tofauti kubwa ni kwamba kitunguu cha tulipu huishi mwaka mmoja tu. Mama hutumika wote kulisha jani na ua, na ubavuni mwake watoto hunenepa kuchukua nafasi yake. Kitunguu utakachofukua Juni si kile ulichozika Oktoba, na ukilishika hilo, nusu ya mafumbo yanafumbuka yenyewe.

Majani yana michirizi. Je, ni virusi?

Tazama rangi kwanza. Michirizi ya asili ya Tulipa greigii ni myeusi kuliko jani: zambarau, au zambarau inayoelekea kahawia. Inafuata urefu wa jani, mstari sambamba na mstari, imekatika vipandevipande, na iko kwenye majani yote ya mmea. Mwakani itarudi vilevile. Mmea wenye afya huwa nayo iliyokoza, na jani lenyewe ni gumu kidogo, lina kingo zenye mawimbi.

Virusi hufanya kinyume. Huacha alama zilizofifia kuliko jani, kijani chepesi au njano, mabaka yasiyo na mpangilio. Uthibitisho mkubwa huonekana kwenye ua: rangi hupasuka, nyekundu ikakimbilia kingoni na kuacha ndimi za njano au nyeupe, kila petali kwa namna yake. Na mmea hudhoofika. Kila mwaka kitunguu ni kidogo kuliko cha mwaka uliotangulia.

Uzuri wa maua hayo yaliyopasuka rangi ndio uliowapagawisha Waholanzi karne ya 17, hadi bei za vitunguu zikapanda kupita akili na kuporomoka mwaka 1637. Sababu yake haikujulikana hadi karne ya 20. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtafiti wa taasisi ya John Innes hapa Uingereza, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mpasuko huo huambukizwa kutoka kitunguu kimoja hadi kingine ukiviunganisha. Waliokuwa wakilipia mali ili wapate ua lile walikuwa wakinunua ugonjwa.

Msambazaji ni vidukari. Hakuna dawa ya kumponya mmea ulioambukizwa, wala usijipe matumaini kwamba watoto wake watasalimika, wanazaliwa nao. Ng'oa mmea mzima na kitunguu chake, usiutupe kwenye mboji. Tulipu na yungiyungi usizipande bega kwa bega, kwa sababu virusi hivyo huishi katika yungiyungi pia. Mbegu, kwa upande mwingine, hazibebi virusi hivi, na hiyo ni sababu mojawapo ya watunzaji makini wa tulipu za porini kuanzisha mimea yao kwa mbegu. Nitarudi huko.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba michirizi ya zambarau imeenea pia katika tulipu za dukani zenye majina mengine. Greigii imezalishwa sana na dada yake wa mlima uleule, Tulipa kaufmanniana, na hata porini hizi mbili huzaa machotara zinapokutana. Ukinunua tulipu ya kundi la kaufmanniana ikatoka na majani yenye michirizi, ina damu ya greigii. Haiumwi.

Limetoka jani moja tu, hakuna ua

Hii ndiyo lawama ninayoisikia kuliko zote, na jibu linategemea swali moja: ni mwaka wa ngapi tangu upande?

Kama ni mwaka wa kwanza, kosa si lako. Ua lilitakiwa liwe limeshaumbika kitunguu kilipokufikia, na kama halimo, ama kitunguu ni kichanga mno ama kiliharibikiwa ghalani. Tulipu isiyofikia umri wa kuchanua hutoa jani moja pana, basi. Inayochanua hutoa mawili au zaidi, yakiwa yamepangana kwenye shina. Kwa hiyo hata kabla ua halijaonekana unaweza kuhesabu majani na kujua. Jani moja: subiri mwakani. Usiling'oe kwa hasira, kwa sababu hilo jani moja ndilo linalojenga kitunguu kipya.

Kama ni mwaka wa pili au wa tatu na mwaka wa kwanza lilichanua vizuri, tazama mambo haya kwa mpangilio huu.

Uliyakata majani mapema? Majani ya greigii baada ya ua hupendeza kwa wiki kadhaa, kisha huanza kuchakaa, na mkono huwasha kuyaondoa. Yaache hadi yawe ya manjano na yang'oke yenyewe ukiyavuta kidogo. Kipindi hicho ndicho mtoto anachonenepa. Mmea umeshazoea kwamba kule kwao una wiki chache tu za kula kwa mwaka mzima; ukipunguza tena, unampa mtoto chakula cha nusu siku.

Uliacha mbegu ziive? Kutunga mbegu kunamaliza nguvu. Kama lengo ni ua la mwakani, kata kichwa petali zikidondoka, acha shina na majani. Kama lengo ni mbegu, kubali gharama.

Kiangazi chako kilikuwa cha mvua? Kitunguu kilichokaa kwenye udongo wa baridi na majimaji Juni hadi Agosti hakipati lile joto kavu ambalo ua huumbiwa ndani yake. Kinaweza kisioze, kikaonekana kizima kabisa, ila ndani hakuna kitu. Hapa Leeds hilo lilinichukua misimu miwili kulielewa. Sasa majani yakishakauka nafukua, napangusa udongo, naweka vitunguu kwenye trei ya matundu mahali pakavu penye hewa na joto la nyuzi 20 hadi 25, navirudisha ardhini mwishoni mwa Oktoba au Novemba.

Uliweka mbolea ya kukuzia majani? Naitrojeni nyingi hunenepesha majani na kulegeza kitunguu. Miteremko ile ni ya mawe. Majivu kidogo ya kuni au mbolea yenye potasiamu nyingi, mara moja majani yanapochomoza, yanatosha.

Kichwa cha ua kimetokea, lakini kimekauka kama karatasi

Huu ni ugonjwa wa jikoni, si wa bustani. Msimu mmoja nilikuwa na vitunguu kumi na viwili kwenye mfuko wa karatasi, nikaviweka juu ya kabati, chini kidogo ya bakuli la ndizi na tufaha. Aprili iliyofuata nilipata majani manene, yenye michirizi safi, na katikati ya kila mmea kichwa chembamba cha rangi ya kahawia. Nilikipasua kimoja kwa ukucha. Petali zilikuwamo zote sita, nyembamba, zimesinyaa, na stameni zake zilikuwa zimegeuka nyuzi kavu. Ua lilikuwa limekufa likiwa tayari limeumbwa.

Muuaji ni gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi zako ukizifunika kwa gunia. Matunda yanayoiva huitoa, na ua changa lililomo ndani ya kitunguu haliwezi kuihimili. Usiweke vitunguu na matunda kwenye friji moja, wala kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha.

Lakini matunda si chanzo pekee. Kitunguu chenye kuvu wa fusari, ambaye tutakutana naye chini, hutoa ethilini pia, na kimoja kibovu ndani ya boksi kinaweza kuua maua ya wenzake walio wazima. Ndiyo maana nakagua trei kila wiki mbili kwa kunusa. Pua huwahi kuliko jicho.

Ua limechanua chini kabisa, karibu na udongo

Greigii si ndefu hata kwao, sentimita 20 hadi 40 hivi. Lakini kama ua limefunguka likiwa limekwama katikati ya majani, bila shina, au likafunguka kwa shida na kuchoka siku hiyohiyo, kitunguu hakikupata baridi ya kutosha. Shina la tulipu hurefuka kwa sababu ya baridi iliyotangulia. Linahitaji wiki 12 hadi 16 chini ya nyuzi 9, mfululizo.

Neno "mfululizo" ndilo linalowaangusha ndugu zetu wa nyanda za juu. Dada yangu wa Limuru aliniuliza: mbona huku kuna baridi, Julai tunavaa makoti? Baridi ya Limuru huja usiku na kukatika mchana. Hata Kilimanjaro, barafu ya alfajiri huyeyuka kabla ya saa nne asubuhi, na mimea ya kule juu imejiumba kwa maisha hayo ya baridi kila usiku na jua kila mchana. Tulipu inataka baridi inayokuja ikakaa kama mgeni wa msiba.

Kwa hiyo Afrika Mashariki hakuna njia ila friji. Kwanza sheria: kuingiza vitunguu vya maua Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka; Tanzania wahusika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Usivifiche kwenye sanduku la nguo. Vikishafika kihalali, viweke kwenye friji ya nyuzi 5 hivi, ndani ya mfuko wa karatasi wenye matundu, bila tunda hata moja humo, kwa wiki 14. Kisha vipande mahali penye ubaridi kuliko pote shambani kwako, kivuli cha mchana, udongo unaopitisha maji. Utapata ua. Baada ya hapo hesabu kwamba kitunguu kimekwisha, maana majani yatapigwa na joto kabla mtoto hajanenepa. Dada yangu alipata maua manne kati ya sita, mekundu, akaridhika nayo kama mtu anavyoridhika na ua la kukatwa.

Kitunguu kimeoza

Fukua, kikate katikati, kisha tumia macho na pua. Kuoza si kwa namna moja, na tiba hazifanani.

Kama ganda la nje lina ukungu wa buluu-kijani, lakini ukilimenya nyama yake ni nyeupe na ngumu, hakuna hasara. Pangusa kwa kitambaa kikavu, panda.

Kama kitako, pale mizizi inapotokea, kimelegea na kina utando mweupe au wenye uwaridi, na kinanuka uchachu, hiyo ni fusari. Kitunguu huwa chepesi mkononi, kama njugu isiyo na kokwa. Kuvu huyu anapenda udongo wenye joto, kwa hiyo wanaopanda Septemba wakiwa na pupa ndio anaowapata. Teketeza hicho, na vilivyokuwa vimegusana nacho vikague kimoja kimoja.

Kama kuna vipunje vyeusi vidogo kuliko ulezi, vimeng'ang'ania ganda la nje, usikipande hata kama kingine chote ni kizima. Ni mbegu za moto, na moto wenyewe nimeueleza katika sehemu inayofuata.

Na kama kimegeuka uji bila rangi ya pekee, ni maji tu. Hili ndilo nililoliona kwangu zaidi. Udongo wa hapa ni mzito, na mtu akisikia kwamba greigii porini inaota kwenye mfinyanzi atajifariji. Mfinyanzi wa mteremko ule hukauka na kupasuka kiangazi chote. Wa kwangu hauwahi kukauka. Nilichofanya ni kuinua tuta sentimita 30, nusu udongo nusu kokoto ndogo kali, si changarawe ya mtoni iliyolainika, na kulielekeza kusini ili jua lilipige. Kwenye chungu naweka uwiano huohuo, na Juni nakisogeza chini ya paa. Tangu hapo kuoza kumekuwa kwa nadra.

Majani yamejikunja na kuungua

Mmea unachomoza ukiwa umepinda, majani yamejifunga, yana mabaka ya kahawia kama yaliyoguswa na pasi, na asubuhi yenye unyevu utaona vumbi la kijivu juu yake. Huyu ni kuvu Botrytis tulipae, na wakulima humwita moto wa tulipu. Mmea wa kwanza hutoka na ugonjwa tangu kitunguuni, kisha mvua na upepo hupeleka vumbi lile kwa majirani, ambao hupata madoadoa kwenye majani na petali.

Ukiuona leo, usisubiri kesho. Funika mmea kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuugusa ili vumbi lisiruke, ung'oe pamoja na kitunguu na udongo wake, uondoe bustanini kabisa. Vile vipunje vyeusi hubaki udongoni, kwa hiyo mahali hapo usipande tulipu kwa miaka 3 angalau. Kupanda Novemba, udongo ukiwa umeshapoa, hupunguza sana uwezekano wake. Nafasi kati ya mimea nayo ni kinga: majani ya greigii ni mapana na hulala karibu na ardhi, yakibanana hayakauki.

Ua halifunguki

Subiri jua. Upande wa ndani wa petali hukua haraka joto linapopanda, na wa nje linaposhuka, kwa hiyo ua hufunguka mchana wa jua na kujifunga jioni au siku ya mawingu. Huko Tian Shan theluji inaweza kurudi hata Aprili, na ua lililofungwa hulinda chavua yake. Kila kufunga na kufungua huziongeza petali urefu kidogo, ndiyo maana ua la siku ya sita ni kubwa kuliko la siku ya kwanza.

Kitunguu hakipo kabisa

Kabla hujamlaumu kindi, chimba zaidi.

Vitunguu vichanga vya tulipu hutoa kitu cha ajabu: mrija mweupe, mnene kama kalamu ya risasi, unaoelekea chini moja kwa moja, na kitunguu kipya huumbika ndani ya ncha yake. Mwaka baada ya mwaka mmea hujishusha hivyo hadi kwenye tabaka ambalo jua la kiangazi halilichomi na meno ya wanyama hayalifikii. Porini mtu anaweza kuchimba sentimita 30 ndipo akikute. Ndiyo maana pia ukipanda juujuu, sentimita 5 au 8, kitajishusha chenyewe na kupoteza nguvu za kuchanua katika safari hiyo. Zika sentimita 15 hadi 20 tangu mwanzo.

Nilivunja chungu kimoja cha udongo nikidhani ni kitupu. Vitunguu vitatu vilikuwa vimefika chini kabisa, vimejibana kwenye kitako cha chungu hadi vimekuwa bapa kama sarafu, na kimoja kilikuwa kimeshapitisha mrija kwenye tundu la kutolea maji. Nilivipanda upya kwenye tuta. Miaka miwili baadaye viwili vilichanua.

Kama umechimba na kukuta shimo na maganda yaliyotafunwa, hapo ni mnyama kweli: kindi au panya wa shambani. Katika milima mikavu ya Asia hata nungunungu hufukua vitunguu vya tulipu. Waya wa matundu madogo juu ya tuta, uondolewe majani yakichomoza, umenitosha.

Vidole vinawasha na kupasuka

Ni utomvu wa kitunguu. Una kemikali inayochubua ngozi, na wafanyakazi wa mashamba ya tulipu wanaijua vizuri: ngozi ya ncha za vidole hukauka, hupasuka, huuma. Vaa glovu unapomenya na kupanga. Kwa sababu hiyohiyo usiviache karibu na watoto wala mbwa.

Vitunguu ulivyonunua vimeandikwa "vya porini"

Nakuomba usivinunue. Tulipa greigii imo katika Kitabu Chekundu cha Kazakhstan, orodha ya mimea iliyo hatarini, na inayoiumiza inajulikana: malisho ya mifugo, watu wanaochuma maua kwa mafungu, na wanaofukua vitunguu. Mmea uliofukuliwa mlimani una sentimita 30 za safari ya miaka nyuma yake. Ukiuleta kwenye chungu chako utachoka na kufa, na kule umeacha shimo. Muuzaji mwadilifu atakuambia bila kuulizwa mara mbili kwamba vyake vimezalishwa kitaluni. Asiyejibu, mpite.

Mbegu hazioti

Ziliwekwa ndani, mahali pa joto, sivyo? Mbegu ya tulipu nayo inataka theluji. Tumba likikauka hupasuka sehemu tatu, na mbegu bapa nyembamba hupeperushwa na upepo. Huanguka mteremkoni, hulowa kwa mvua za vuli, hukaa baridini, huota theluji ikiyeyuka. Zipande Oktoba kwenye chungu cha kokoto na udongo, funika kwa safu nyembamba ya kokoto, kiweke nje majira yote ya baridi. Machi utaona nyuzi za kijani kama nyasi. Usizing'oe ukidhani ni magugu. Mimi nilipoteza nusu ya chungu hivyo.

Kama tulipu zako za aina nyingine zilichanua karibu, watoto wanaweza kutofanana na mama, kwa kuwa nyuki hachagui. Ukitaka greigii safi, chukua chavua kwa brashi kutoka mmea mmoja wa greigii upeleke kwa mwingine, na ufunike ua kwa kipande cha chandarua.

Kisha hesabu miaka 4 hadi 7. Mwaka wa kwanza uzi, wa pili jani jembamba, na kuendelea, kila mwaka jani moja pana kidogo kuliko la mwaka uliopita, na kila kiangazi chungu kikavu kisicho na kitu juu yake. Andika tarehe kwenye kibao na ukichomeke, maana utasahau. Mwanzoni mwa Machi, mwaka wowote ule, ukikuta katikati ya lile jani moja pametoka ncha ya jani la pili, ongeza maji kidogo na kisogeze chungu mahali penye jua.